Kompyuta inakataa Windows 11: nianze na mfumo upi wa chanzo huria?

Zabibu Kavu (mleta mada)

Mbukwenyi wadau. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilihitimisha msaada wa kawaida wa Windows 10, haipiti wiki bila jirani, mwanafunzi au mtumishi mwenzangu kuniuliza swali lile lile: kompyuta yangu bado nzima, lakini Windows 11 inaikataa, je, hiyo Linux mnayoisema naweza kuiweka, na nianze na ipi? Nimechoka kulijibu vipande vipande kwenye simu, kwa hiyo naliandika hapa mara moja, na anayeona nimekosea anisahihishe.

Sababu ya kukataliwa inajulikana. Windows 11 hudai kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na kwa upande wa Intel hudai prosesa za kizazi cha nane na kuendelea, zikiachwa chache tu za kabla ya hapo. Laptopu nyingi za mtumba tunazonunua hapa mjini ni Core i3 na i5 za kizazi cha nne hadi cha sita, ambazo kwa kuandika barua, kufungua mitandao na kutazama video bado zina nguvu ya kutosha. Wengi wetu huishia kwa fundi, ambaye hutupigia Windows iliyochakachuliwa isiyojulikana ufunguo wake umetoka wapi, kisha tunashangaa mashine inapofungua matangazo yenyewe usiku.

Nieleze kwanza jambo moja linalowachanganya wageni. Linux, ukilitumia neno hilo kwa usahihi, ni kerneli tu, yaani ile programu ya ndani kabisa inayozungumza na prosesa, kumbukumbu na diski. Aliitangaza Linus Torvalds mwezi Agosti 1991 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, na zana nyingi zinazoizunguka zilitokana na mradi wa GNU ulioanzishwa na Richard Stallman mwaka 1983. Mtu wa kawaida hawezi kufanya kazi na kerneli peke yake. Ndiyo maana wapo watu wanaoikusanya pamoja na muonekano wa skrini, kivinjari, programu za ofisi na namna ya kupakua nyingine, wakaitoa kama kifurushi kimoja, na kifurushi hicho ndicho tunachokiita distro. Leseni zake humruhusu yeyote kuusoma msimbo, kuubadili na kuugawa, hivyo ukinakili distro kwenye flashi ukampa jirani yako hujaiba chochote. Nasisitiza hili kwa sababu tumezoea kuinamisha kichwa kila tunapoomba programu.

Sasa kwenye swali lenyewe. Watu hugombana mitandaoni kuhusu distro iliyo bora, nami nadhani hapo ndipo anayeanza hupotezwa. Mambo matatu yanakutosha kuchagua: kompyuta iliyopo mezani kwako ina kumbukumbu kiasi gani, bando lako linakuruhusu kupakua faili la ukubwa gani, na ni nani aliye karibu nawe anayeweza kuja kukusaidia mambo yakikwama. Jambo hilo la tatu ndilo ninaloliwekea uzito mkubwa zaidi. Ikiwa mjomba wako anatumia Fedora kila siku na anaishi mtaa wa pili, basi weka Fedora, hata kama mimi nimekuandikia kurasa kumi za kusifu nyingine.

Asiye na mjomba huyo namshauri aanze na Linux Mint. Distro hii ilianza mwaka 2006, imejengwa juu ya Ubuntu, na matoleo ya mfululizo wa 22 yatapata masasisho hadi mwaka 2029. Skrini yake ina kitufe cha menyu chini kushoto, saa chini kulia na mafaili yanayofunguka kwa kubofya, kwa hiyo mama yangu mkubwa, aliyeijua Windows 7 tu, hakuniuliza swali lolote kubwa zaidi ya lile la mchezo wa karata umehamia wapi. Inakuja na LibreOffice na Firefox tayari, na ina programu iitwayo Timeshift ambayo hupiga picha ya hali ya mfumo, ili ukiharibu kitu leo uweze kuurudisha ulivyokuwa jana. Mint hutolewa kwa mionekano mitatu. Kwa mashine yenye kumbukumbu ya GB 4 chukua Xfce, ambayo ni nyepesi; ukiwa na GB 8 chukua Cinnamon, ambayo wenyewe wa Mint ndio walioitengeneza. MATE iko katikati, na sijawahi kukutana na mtu aliyejuta kuiruka.

Ubuntu ninaiheshimu kwa sababu ya historia. Ilianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2004; jina lake ni neno la lugha za Kinguni ambalo ni ndugu wa neno letu «utu». Wakati ule walikuwa wakimtumia CD bila malipo mtu yeyote duniani aliyeomba, utaratibu uliokoma mwaka 2011, na mimi CD yangu ya kwanza niliichukua kwenye sanduku la posta la baba hapa Dodoma nikiamini kabisa kwamba nitadaiwa ushuru. Hata hivyo, Ubuntu ya leo ni nzito zaidi, na faili la toleo la 24.04 linakaribia GB 6, wakati Mint Xfce ni takribani GB 3. Kwa mtu anayepakua kwa bando la usiku, tofauti hiyo ni usiku mzima wa pili.

Debian ni mama yao wote hao. Ilianza mwaka 1993, ni tulivu kama gogo, na tangu toleo la 12 imekuwa ikiweka programu dhibiti za waifai ndani ya kisakinishi chake, ambazo kukosekana kwake ndiko kulikokuwa kukiwafukuza wengi zamani. Fedora ni nzuri lakini kila toleo huhudumiwa kwa takribani miezi 13 tu, na kuhama toleo maana yake ni bando jingine. Zorin ipo pia.

Kabla ya kugusa diski yako, jaribu. Tafuta flashi ya GB 8 au zaidi, iandae kwa programu ya Ventoy au Rufus, iwashe kompyuta kupitia flashi hiyo, na mfumo utafunguka bila kufuta kitu chochote kilichomo kwenye diski. Ukiwa humo, angalia waifai inashika, sauti inatoka, kamera inawaka, printa inaonekana, na ukifunika kifuniko kisha ukakifunua mashine inaamka. Usikimbie hatua hii. Kisha nakili mafaili yako yote kwenye diski ya nje, na uhakikishe yanafunguka kwenye mashine nyingine, maana nakala ambayo hujawahi kuifungua huna hakika kama ni nakala.

Karibuni tujadiliane.

Mwalimu wa Kongwa

Asante sana mleta mada. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na shuleni kwetu tuna kompyuta nane za mezani tulizopewa zikiwa zimekwisha kutumika ofisini. Zina Windows 7, na kwenye taarifa za mfumo zinaandika biti 32 (ule mfumo wa zamani wa kabla ya biti 64) na kumbukumbu ya GB 2. Intaneti pale ni simu yangu mwenyewe. Nimesoma mahali kwamba Linux za sasa hazikubali tena biti 32. Je, nizitupe?

Zabibu Kavu

Mwalimu, usizitupe. Maandishi yale ya biti 32 yanaeleza Windows iliyowekwa, hayaelezi prosesa iliyomo. Mashine za Core 2 Duo zina prosesa ya biti 64, ila aliyeweka Windows alichagua toleo la biti 32 kwa sababu kumbukumbu ilikuwa ndogo. Angalia jina la prosesa, au washa kompyuta moja kwa flashi yenye mfumo wa biti 64. Ikifunguka, umepata jibu.

Ulichokisoma ni kweli kwa sehemu. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32, na kwa mashine ambazo kweli ni za biti 32 ipo antiX, ambayo imeundwa kwa ajili ya kompyuta kongwe. Lakini nikuambie ukweli bila kuupaka asali: kwa GB 2 mfumo mwepesi utafunguka, ila kivinjari chenye kurasa tano ndicho kitakachokusumbua, kwa sababu kurasa za siku hizi ni nzito kuliko mfumo wenyewe. Kama shule ina fedha kidogo, ongezeni kumbukumbu ifike GB 4 kabla ya kununua kitu kingine chochote. Vipande vya kumbukumbu za DDR2 na DDR3 vilivyotumika hupatikana kwa mafundi kwa bei nafuu, mkikagua kwanza ni aina gani inayoingia.

Kisha fungueni maboksi na mpulize vumbi, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa. Kwa upepo wetu huu wa Juni hadi Septemba, nimeona kompyuta zinazolaumiwa kwa uzito wakati feni imezibwa na udongo mwekundu.

Fundi Majengo

Naomba niseme upande wa pili, kwa sababu ninyi mnaoshauri mkishaondoka, wateja hurudi kwetu. Mwaka jana niliwekea Mint mama mmoja mwenye steshenari. Alifurahi siku ya kwanza. Siku ya pili aliletewa kadi za michango ya harusi zilizotengenezwa kwa programu ya Windows, zikafunguka maandishi yamepanda juu ya picha na jina la bwana harusi limekatika. Siku ya tatu printa yake ikachapa lakini sehemu ya skana haikuonekana. Alipoteza wateja wa siku mbili katika msimu wa harusi, na lawama zikanijia mimi. Nikamrudishia Windows, naye hadi leo akiniona huuliza kama nimeacha yale majaribio yangu. Kwa hiyo mnapowaambia watu wahame, waambieni pia ni nani asihame.

Zabibu Kavu

Fundi, umesema neno ambalo mimi nilipaswa kuliandika katika aya ya kwanza, na nakubali kosa. Mtu ambaye riziki yake inategemea programu moja inayofanya kazi ndani ya Windows tu asihamishe mashine hiyo. Steshenari hupokea mafaili ya kila mtu, na haina uwezo wa kumwambia mteja akatengeneze upya. Vivyo hivyo kwa anayetumia Photoshop kila siku, mhasibu mwenye programu ya hesabu aliyoinunua, au ofisi yenye majedwali ya Excel yaliyojaa makro.

Lakini tutenganishe matatizo. Maandishi kupandiana mara nyingi husababishwa na fonti. Faili lililoandikwa kwa Calibri au Cambria likikosa fonti hizo, mistari hubadilika urefu na kurasa huhama. Zipo Carlito na Caladea, fonti za chanzo huria zenye upana ule ule wa herufi, na zikiwepo barua nyingi hukaa sawa. Hilo lingesaidia barua za mama yule, ingawa kadi zake zisingepona, kwa kuwa zilitengenezwa kwa programu ya usanifu.

Kwa upande mwingine, mtumishi au mwanafunzi wa hapa Dodoma ajihesabie kazi zake kwa wiki moja. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu, barua pepe, mifumo ya kazi inayofunguka kwa anwani ya mtandaoni na mikutano ya video, vyote hivyo hupitia kivinjari, na kivinjari hakijali mfumo uliopo chini yake. Mtu wa namna hiyo ndiye niliyekuwa namwandikia.

Binti Kondoa

Niongeze kwa wale wanaotaka kuiacha Windows ilipo na kuweka Linux pembeni yake kwenye diski moja, kwa sababu hapo ndipo nimeona machozi. Kwanza, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, ile kufuli ya Windows inayoficha yaliyomo kwenye diski; laptopu nyingi mpya hufungwa bila mwenyewe kujua. Pata ufunguo wake wa dharura na uuandike kwenye karatasi kabla ya kubadili mpangilio wowote wa kuwasha mashine. Pili, zima ile hali ya Windows ya kuwaka haraka, kwa sababu Windows haizimiki kikamilifu, na Linux ikikuta sehemu ile ya diski imeachwa katikati ya usingizi hukataa kuandika juu yake. Tatu, punguza sehemu ya Windows ukiwa ndani ya Windows yenyewe, ndipo uanze kusakinisha. Na uwe na umeme wa uhakika: laptopu yenye betri nzima, kwani umeme ukikatika wakati sehemu za diski zinahamishwa, mafaili yanaweza kupotea kabisa.

Kama una diski ya zamani inayozunguka, fedha yako ya kwanza iende kwenye SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka. Unaichomoa ile ya zamani ikiwa na Windows yake, unaiweka kabatini, na Linux unaiweka kwenye mpya. Ukijuta, unarudisha diski ya zamani kwa bisibisi moja, na hutamlaumu mtu.

Kijana wa Ng'ong'ona

Wakubwa shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili na ninataka kujifunza kwa undani, si kuandika barua. Wenzangu karibu wote chumbani wameweka Kali. Mwingine ananiambia mtu makini hutumia Arch. Nichague ipi?

Binti Kondoa

Marahaba. Kali ni sanduku la vifaa vya wakaguzi wa usalama, limejengwa juu ya Debian na kutolewa tangu mwaka 2013, na watengenezaji wake wenyewe huandika kwamba haimfai mtu ambaye bado hajaizoea Linux. Kuwa na joka jeusi kwenye skrini hakumfanyi mtu kuwa mdukuzi. Nimewahi kumwuliza mmoja anionyeshe anwani ya mtandao ya kompyuta yake, akafungua menyu na kuanza kutafuta picha ya dunia.

Arch ni jambo jingine. Ilianza mwaka 2002, haina matoleo ya mwaka kwa sababu husasishwa mfululizo, na utaratibu wake wa asili wa kuisakinisha unakulazimu kugawa diski na kuchagua kila kipande kwa kuandika amri, jambo linalofundisha sana. Tatizo lake kwa mwanafunzi wa hapa ni bando. Ukikaa miezi mitatu bila kusasisha kisha ukasasisha kwa mara moja, utapakua mengi na huenda kitu kikagoma wiki ya mitihani. Ensaiklopidia yake ya mtandaoni, hata hivyo, isome hata kama hutumii Arch, maana nimetatua mambo ya Debian kwa maelezo ya huko.

Ningekuwa wewe ningeweka Debian au Mint kwenye mashine ya masomo na kuiacha itulie. Kisha ndani yake ningeweka VirtualBox, programu inayoendesha kompyuta ya kubuni ndani ya kompyuta yako, nikaharibu humo mifumo yote ninayotaka. Pakua kisakinishi kidogo cha Debian, kile kisichofika GB 1, usiweke muonekano wowote wa skrini, ujenge mwenyewe kuanzia amri ya kwanza. Ukimaliza hapo, jaribu FreeBSD, ambayo wala si Linux: kerneli na zana zake za msingi hutengenezwa pamoja na watu wale wale, na kitabu chake cha mwongozo kimeandikwa kwa utaratibu ambao distro nyingi hazina.

Zabibu Kavu

Nakubaliana naye, ila kwa laptopu yenye GB 4 VirtualBox itakutesa. Tafuta kompyuta ya pili hata kama kioo chake kimepasuka.

Kuna aliyeniuliza pembeni kuhusu Kiswahili. Kazi hiyo ilianza zamani: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Leo LibreOffice ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili cha Tanzania, na mimi huitumia kila siku ingawa menyu nimeziacha kwa Kiingereza, kwa sababu ukikwama utatafuta msaada kwa maneno yaliyoandikwa kwenye kosa, na majibu mengi yameandikwa kwa lugha hiyo. Shuleni mwalimu anaweza kuamua vinginevyo.

Mwalimu wa Kongwa

Wadau, narejesha taarifa. Kompyuta saba kati ya nane zimefunguka kwa flashi ya biti 64. Ya nane ina kasoro ya ubao mama na haikuwaka kwa lolote. Tumetoa kumbukumbu kwenye ile mbovu tukaiongezea nyingine, ikafika GB 4. Hiyo imepokea Mint Xfce vizuri. Zilizobaki na GB 2 tumezijaribu kwa antiX, na kwa kuandika na kupiga hesabu zinatosha, ingawa wanafunzi wamelalamika kwamba zinaonekana za kizamani.

Mashine mbili zina vifaa vya waifai vya kuchomeka ambavyo havikutambulika. Nilichomeka simu kwa waya, nikawasha hali ya kugawa intaneti kupitia waya huo, na kompyuta ikaipokea kama waya wa mtandao wa kawaida, bila draiva yoyote. Kwa njia hiyo nikapakua kilichokosekana. Sasa nimebakiwa na swali moja tu: kusasisha mashine saba kwa bando la simu moja siwezi.

Zabibu Kavu

Hongera, Mwalimu. Usisasishe saba. Zile ulizoziwekea antiX zote ni za aina moja, kwa hiyo sasisha moja kwa amri ya apt-get upgrade, kisha chukua mafaili yaliyopakuliwa kutoka folda ya /var/cache/apt/archives, uyanakili kwenye flashi na kuyaweka kwenye folda ile ile ya kila mashine nyingine. Orodha za vifurushi zilizomo katika /var/lib/apt/lists nazo uzinakili, kisha toa amri hiyo hiyo. Vifurushi ambavyo tayari vipo havitapakuliwa tena. Utahitaji ruhusa ya msimamizi kuandika humo. Ile ya Mint usiichanganye na hizi, kwa kuwa vifurushi vyake ni tofauti. Yenyewe isasishe peke yake.

Jumamosi nitakuwa Kibaigwa kwa shughuli za mahindi. Kama shule iko wazi, nitafute ujumbe wa faragha, nami nitapita na flashi mbili na bisibisi, tuifungue na hiyo ya nane.